Idhini Isiyo na Mwenyewe



Kama umewahi kukaa kwenye kamati ya harusi, na katika mji huu sijui ni nani hajakaa, unaijua siku ile mweka hazina anapoingia kwenye kundi la WhatsApp na ujumbe mrefu. Wenye ukumbi wamepandisha bei, mpiga picha anataka malipo ya awali, kwa hiyo anapendekeza kila mjumbe aongeze shilingi 50,000 juu ya ahadi yake, na fedha iwe imefika kabla ya Ijumaa. Majibu yanaanza kushuka. “Ok.” “Okay.” “Oky.” “K.” Kidole gumba. Kidole gumba kingine. “Noted.” Halafu “Noted with thanks,” na huyo bila shaka ni mtu wa ofisini. Mweka hazina anayahesabu majibu, moyo unatulia, anawapigia wenye ukumbi kuwaambia fedha inakuja. Ijumaa inafika, kilichoingia hakifiki hata nusu. Anaanza kuwapigia simu mmoja mmoja, na mjumbe wa kwanza kupokea anamwambia kwa upole kabisa: “Dada, mimi niliposema OK nilimaanisha nimeuona ujumbe. Sikusema natoa.”

Sasa huyu tumshitaki kwa kosa gani? Alichoandika ni herufi mbili. Hazimtaji yeye, hazitaji shilingi 50,000, hazitaji Ijumaa. Ukimwambia alikubali, atakuuliza alikubali wapi. Ukimwambia alikataa, hilo nalo hakulisema. Amepita katikati, na amepita kwa adabu.

Usifunge redio ukidhani nimekuja kulia kwamba Kiingereza kinatuharibia lugha. Kilio hicho kimeshaliliwa sana na wenye sauti nzuri kuliko yangu. Ninachotaka tukitazame ni kazi ambayo maneno haya ya kukubali na kusifia, OK, noted, nice, good, tumeyapa katika maandishi yetu ya kila siku. Nionavyo mimi hatuyatumii kwa sababu Kiswahili kimepungukiwa. Tunayatumia kwa sababu yanatuwezesha kukubali bila kuwa tumekubali, na kusifia bila kuwa tumetazama.

Tuanze na OK yenyewe, maana ina historia ya kuchekesha. Ilizaliwa kwenye mzaha wa gazeti. Tarehe 23 Machi 1839, gazeti la Boston Morning Post la Marekani liliichapa likieleza kwamba maana yake ni “all correct”, kila kitu sahihi. Utauliza, mbona herufi hazilingani? Hapo ndipo ulipokuwa utani. Watu wa mjini kule Boston miaka hiyo walikuwa na mchezo wa kuharibu tahajia makusudi, kisha kuyafupisha yale maneno yaliyoharibika. “All correct” ikaandikwa “oll korrect”, ikabaki O na K. Kwa hiyo mzee unayemgombeza kijana kwa kuandika “xawa” na “pw” na “cjui”, halafu wewe mwenyewe unamalizia ujumbe wako kwa OK, jua kwamba mnacheza mchezo uleule. Tofauti ni kwamba wa kwako umeshazeeka ukapata heshima.

Vifupisho vingi vya wakati ule vilikufa na wenyewe. OK iliokolewa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren alikuwa anagombea kipindi cha pili. Alizaliwa Kinderhook, katika jimbo la New York, na wafuasi wake wakamwita Old Kinderhook, wakaanzisha vikundi vya kampeni vya O.K. Uchaguzi alishindwa, lakini herufi zake zilibaki. Wapiga simu za maandishi na watu wa reli wakazichukua, kwa sababu ni fupi na zinapita haraka kwenye waya. Hadithi hii ya asili yake ilikuja kuthibitishwa kwenye miaka ya 1960 na mtaalamu wa lugha Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyepekua magazeti ya zamani mpaka akalipata lile la Boston. Kabla yake kila mtu alikuwa na nadharia yake. Rais Woodrow Wilson aliamini neno hilo limetoka kwa Wachoctaw, wenyeji wa asili wa Marekani, na kwenye karatasi zilizopita mezani pake akawa anaandika “okeh”. Mkuu wa nchi, karatasi mbele yake, neno moja pembeni. Tutarudi kwenye karatasi za wakubwa baada ya muda mfupi.

Wenye kazi za hatari walishituka mapema kwamba kuna mambo mawili yamefungwa pamoja hapa: kupokea na kukubali. Wanajeshi wa Marekani na Uingereza, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, walikuwa wakiwasiliana kwa redio za upepo kwa alfabeti ambayo herufi R iliitwa Roger. R ilisimama badala ya “received”, nimepokea. Basi ukisema Roger umesema kitu kimoja tu, kwamba maneno yamefika. Kwa anayetaka kusema kwamba agizo amelipata na atalitekeleza, palikuwa na neno lingine, Wilco, lililofupishwa kutoka maneno yenye maana ya nitatekeleza. Herufi R imebadilishiwa jina tangu 1956, siku hizi ni Romeo, lakini Roger bado ipo na tofauti yake na Wilco bado ipo. Filamu ndizo zilizotuzoesha kudhani kuwa Roger ni ndiyo.

Na pale tofauti hiyo ilipolegea, tunajua kilichotokea. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Los Rodeos katika kisiwa cha Tenerife, mali ya Hispania, kulikuwa na ndege kubwa mbili aina ya Boeing 747. Moja ya KLM ya Uholanzi, nyingine ya Pan Am ya Marekani. Hazikupaswa kuwa pale. Bomu lilikuwa limelipuka kwenye uwanja wa kisiwa jirani cha Gran Canaria, ndege nyingi zikaelekezwa Los Rodeos, uwanja ukafurika, kisha ukungu ukashuka. Ndege ya KLM ilifika mwisho wa njia ya kurukia na kugeuka. Ndege ya Pan Am ilikuwa bado inatambaa kwenye njia hiyohiyo, ndani ya ukungu, hawaonani.

Msaidizi wa rubani wa KLM akauambia mnara maneno yenye utata, kwamba sasa wapo kwenye kuruka. Mwongoza ndege akajibu: OK. Akanyamaza kidogo, kama sekunde mbili, ndipo akaendelea kuwaambia wasubiri kwanza, atawaita. Lakini katika muda huohuo marubani wa Pan Am nao, kwa wasiwasi, walibonyeza redio yao kusema kwamba bado wako njiani. Sauti mbili zikagongana hewani. Ndani ya chumba cha marubani wa KLM kilichosikika vizuri ni ile OK, kisha mlio mkali. Ndege ilikuwa imeshaanza kukimbia. Walikufa watu 583, na mpaka leo hakuna ajali nyingine ya ndege iliyoua wengi kuliko hiyo.

Sisemi kwamba OK ndiyo iliyowaua. Ukungu ulikuwepo, haraka ilikuwepo, uwanja ulikuwa umejaa, na rubani alikuwa ameanza kuongeza kasi bila kibali. Ila waliochunguza hawakulipita lile neno hivihivi. Baada ya hapo lugha ya viwanja vya ndege ilikazwa. Neno la kuruka likawa halitamkwi ovyo, linatunzwa kwa ajili ya kutoa kibali chenyewe au kukifuta. Na rubani akipewa kibali harudishi OK. Anakirudia kama alivyokisikia: namba ya njia, kwamba ameruhusiwa kuruka, na jina la ndege yake. Akikosea kukirudia, mnara unamsahihisha palepale.

Nikisikia habari za marubani kurudia maneno, huwa nakumbuka kadhi na bwana harusi. Nenda kwenye ndoa ya Kiislamu, iwe Unguja, Tanga, Mombasa au hapa Kariakoo. Mwozeshaji amemshika mkono bwana harusi. Anamwambia: nimekuoza fulani binti fulani kwa mahari mliyokubaliana. Na bwana harusi, hata kama koo limekauka na shati limelowa, lazima alijibu kwa ukamilifu: nimekubali kumuoa fulani binti fulani kwa mahari tuliyokubaliana. Jina la mke litajwe, mahari yatajwe, mashahidi wasikie. Akimung’unya anarudishwa aanze upya, na wajomba wanacheka. Sasa mfikirie bwana harusi anayeambiwa nimekuoza fulani binti fulani, naye akajibu: “OK.” Baba mkwe angeondoka na binti yake.

Bungeni Dodoma ni vivyo hivyo. Waziri anamaliza hotuba yake kwa kusema anaomba kutoa hoja. Hoja hiyo haisogei mpaka wasimame wengine, nao hawasimami kunyoosha kidole gumba. Wanasema: “Mheshimiwa Spika, naafiki.” Neno moja tu, lakini tazama lilivyoshiba. Ile na ya mwanzo ni yeye mwenyewe, na ni sasa hivi. Kitenzi cha Kiswahili ndivyo kilivyo, hakikubali kutembea peke yake. Ukisema “nimeliidhinisha”, umejitaja wewe, umetaja kwamba jambo limekwisha, na umelinyooshea kidole lile ombi lenyewe. Yote hayo ndani ya neno moja. Kulikwepa jukumu ndani ya kitenzi cha namna hiyo ni kazi ngumu, na nadhani ndiyo maana watu wengi wanapotaka kulikwepa wanahamia kwenye OK.

Mahali wanapohamia kwa wingi ni ofisini. Turudi kwenye zile karatasi za wakubwa. Mtumishi anaandika dokezo sabili kwa mkuu wake: gari la idara limeharibika, fundi ametoa makadirio ya shilingi 1,200,000, naomba idhini yako. Jalada linatoka masjala, linapanda juu, linarudi. Pembeni, kwa kalamu, mkuu ameandika “OK” na kusaini kwa mkato. Mtumishi anafurahi, gari linatengenezwa, fundi analipwa. Miezi inapita, wakaguzi wanakuja. Mkaguzi si mtu wa kubishana, yeye anauliza tu. Hii OK inasema nini? Kwamba mkuu amesoma? Kwamba ameafiki gari litengenezwe? Kwamba ameidhinisha kiasi hiki, na kitoke kasma ipi? Mkuu anaitwa. Anaitazama ile OK kama mtu anayetazama picha yake ya utotoni, na anasema: “Mimi hapa nilionyesha kwamba nimeliona.” Baada ya sentensi hiyo, aliyebaki na mzigo ni yule wa chini aliyeandika dokezo refu lenye jina lake, cheo chake na sahihi yake kamili.

Mkuu huyohuyo angeweza kuandika: “Naidhinisha malipo ya Sh. 1,200,000 kutoka kasma ya matengenezo ya magari. Uhasibu watekeleze.” Ni maneno machache, hayamalizi dakika. Angeweza pia kuandika “Nimeona. Tujadili,” na hakuna ambaye angelipa kitu. Vyote viwili ni Kiswahili cha ofisi cha kawaida kabisa, na wapo wakuu wengi wanaoandika hivyo kila siku, tena kwa mwandiko mzuri. Wanaoandika OK nao najua wengine wana haraka tu. Lakini wapo wanaojua vizuri sana wanachokifanya.

Ajabu ni kwamba fedha ikiwa ya mfukoni hatuna mchezo huo. Mwambie mwenye duka “nimeshakutumia”, uone kama atakupa mzigo. Atakuuliza, “Meseji mbona haijaingia?” Na meseji yenyewe ya muamala, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kufika kwetu mwaka 2008, tumeizoea ilivyo: kumbukumbu namba ya muamala, neno Imethibitishwa, kiasi, jina la mtu, tarehe, saa na salio. Mashine inarudia kila kitu kama bwana harusi. Siku mtandao ukianza kututumia “OK” peke yake, watu wataandamana.

Hapa naona msikilizaji mmoja anataka kuniuliza: na “sawa” je? Si ndiyo hiyohiyo? Swali zuri, na jibu lake ni kwamba, kwa kiasi kikubwa, ndiyo hiyohiyo. Sawa nayo haina mtu ndani yake. Haya nayo haina. Ukitia simu yako Kiswahili, na wengi hawajui kwamba inawezekana, kile kitufe cha OK kinageuka kuwa Sawa na kinafanya kazi ileile. Ila “sawa” na “haya” tulizaliwa nazo mdomoni, na mdomoni zina sauti. Mama akikwambia “haya” unajua kutokana na namna anavyoivuta kama umepewa ruhusa, umeshindwa hoja au umetafutiwa siku. Ziandike, sauti inakatika. “Haya.” Na nukta mbele yake. Mtu mzima anaweza kukaa na neno hilo mchana kutwa akijiuliza amekosea wapi. Kwa hiyo ugomvi wangu si wa Kiingereza na Kiswahili. Ugomvi ni wa neno lililoachwa uchi kwenye maandishi, pale ambapo hakuna uso wala sauti ya kulivisha.

Nako kukubali ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni kusifia, na humo ndimo inapotawala “nice”.

Fundi cherehani anaweka kwenye ukurasa wake picha ya shati la kitenge alilolimaliza usiku wa manane. Maoni yanashuka. “Nice.” “Nice one.” “Wow.” “Nyc.” Moto, moto, moto, vile vialama vya moto. “Kali.” “Noma sana.” “Hatari.” Hapo katikati naomba tusimame kidogo, kwa sababu napenda sana jinsi Kiswahili cha mtaani kinavyosifia kwa vitisho. Kitu kizuri ni hatari, ni balaa, ni noma, kinaua. Waingereza nao wamepita njia hiyo: “terrific” ilianzia kwenye woga na “awesome” ikaanzia kwenye kicho. Inaelekea binadamu akipendezwa sana hutafuta neno la kutisha, na hao wanaosema vijana wameharibikiwa kwa kuita shati “hatari” wangetafuta jambo lingine la kuwasumbua.

“Nice” yenyewe ilianza vibaya. Iliingia Kiingereza kupitia Kifaransa, ikitokana na neno la Kilatini lenye maana ya asiyejua, na karne zile za mwanzo kumwita mtu hivyo kulikuwa ni kumwita mjinga. Ikabadilika polepole, ikapita kwenye maana ya umakini na uchaguzi, hadi ikawa sifa. Ikawa sifa ya kila kitu. Jane Austen, katika riwaya yake ya Northanger Abbey iliyotoka mwishoni mwa 1817, ana kijana mmoja anayemtania msichana kwa kuliita kila jambo kwa neno hilo, kuanzia kitabu mpaka hali ya hewa. Kwa hiyo neno hilo lilikuwa limeshachoka kwao miaka 200 iliyopita, kabla halijafika chini ya picha ya shati la fundi wetu.

Na fundi anapata nini kwenye “nice”? Anapata namba. Sifa mia moja ishirini, tuseme, na hakuna hata moja inayomwambia kama ni kola, ni mishono au ni jinsi alivyopanga maua ya kitenge yakakutana kifuani bila kukatika, kazi ambayo huenda ndiyo iliyomkesha. Kiswahili chetu kina hulka moja ambayo wanafunzi wa kigeni wanailalamikia na mimi naipenda. Hakikuruhusu kusema “zuri” mpaka uwe umeamua ni nini kizuri. Kola nzuri. Kitambaa kizuri. Mishono mizuri. Shati zuri. Lazima macho yatue mahali fulani kwanza, ndipo mdomo ufunguke. “Nice” haikudai chochote, unaweza kuiandika huku picha haijamaliza kufunguka. Nitakuwa mwongo nisiposema kwamba tunayo na sisi maneno ya namna hiyo: safi, iliyotoka kwa Waarabu zamani, haigeuki kwa kitu chochote, bomba haigeuki, freshi na fiti, ambazo tumezichukua kwa Waingereza tukazitia irabu zetu mwishoni mpaka zikawa wenyeji, hazigeuki. Lakini mteja anayeandika “Fundi, hiyo kola imekaa!” amempa fundi kitu cha kwenda nacho kwenye shati linalofuata. Na anayeandika “umependeza” kwa mvaaji amesema na mtu.

Kwa watu wazima wanaosifiana mitandaoni hasara si kubwa, watu wana mambo yao. Ninapopata shida ni kwenye daftari la mtoto.

Chukua daftari la mwanafunzi yeyote, hasa wa hizi shule za inglishi midiamu, lakini hata za kawaida. Kalamu nyekundu imepita humo ikiacha “Good”, “V. Good”, “Fair”, “Keep it up”. Ukurasa mwingine una “Seen” na saini. Hiyo “Seen” inastahili heshima yake, kwa sababu angalau haidanganyi. Inasema nimeona, na haidai zaidi ya hapo. Ripoti ya mwisho wa muhula inarudi nyumbani ikiwa na “Good performance” kwa huyu, “Good performance” kwa yule, na bibi aliyelipa ada kwa fedha ya mihogo anamwita mjukuu amsomee. Mjukuu anasoma, “Bibi, wamesema nafanya vizuri.” Katika nini? Hapo mjukuu hana la kutafsiri, kwa sababu hakuna lililoandikwa.

Wakati huohuo tunayo ile alama yenyewe ya kalamu, ile inayoanza fupi kisha inapanda, na sisi tumeipa jina: alama ya vema. Jina hilo ni kubwa kiasi kwamba hata kwenye karatasi ya kura mpiga kura anaelekezwa aweke alama ya vema kwa amtakaye. Ni alama bubu, sikatai, lakini ina adabu moja. Inakaa kando ya jibu fulani. Jibu la tatu vema, la nne kosa. Mtoto anajua ni lipi lililosifiwa. Ikifika insha ndipo vema inaposhindwa, kwa kuwa insha haina jibu la tatu. Hapo panahitajika maneno, na ndipo “Good” inapokuja kuziba pengo.

Walimu wananisikiliza, na nawasikia wanavyoguna. Darasa lina wanafunzi themanini, wakati mwingine zaidi. Insha themanini, vipindi vya kesho havijaandaliwa, na huyu wa redio anataka niandike barua kwa kila mmoja! Mguno huo ni wa haki. Hakuna binadamu anayeweza kuandika maoni ya maana kwenye insha themanini kila wiki, na mwalimu akiandika “Good” mara themanini usiku mmoja si mvivu, amechoka.

Mwalimu mmoja wa Kiswahili ninayemfahamu, wa sekondari ya kata, amejitafutia njia. Insha zote anazisoma harakaharaka, anaweka vema na saini, basi. Lakini kila wiki anachagua safu moja ya madawati, na hao wa safu hiyo anawaandikia sentensi mbili au tatu, kwa Kiswahili, kuhusu kile walichokiandika na si kingine. Wanafunzi wanaijua zamu yao inavyozunguka, na wiki ya safu yako, anasema, insha zinakuwa ndefu zaidi bila yeye kuagiza. Kijana mmoja alikuwa ameandika kisa cha kuibiwa mbuzi. Mwalimu akamwandikia kwamba ile sehemu ya babu kufuata nyayo kwenye tope imemfanya asome haraka ajue mwisho, halafu akaongeza swali: “Aya ya kwanza mbuzi walikuwa watatu. Aya ya tano wanarudi zizini wanne. Huyu wa nne ametoka wapi?”

Daftari liliporudi wiki iliyofuata, chini ya wino mwekundu palikuwa na jibu kwa penseli: “Alizaliwa njiani, mwalimu. Nilisahau kusema mmoja alikuwa na mimba.”